Mhariri, kwenye ndege abiria tuambiwe sababu, siyo amri tu

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama nimezidisha maneno kata tu ila usikate pale kwenye MV Bukoba, nitafika huko.

Mi ni fundi wa kompresa na mitungi ya hewa hapa Nyakato, Mwanza. Kutwa nzima nashughulika na presha, kwa hiyo zikija stori za ndege kutoboka angani kijiweni wananigeukia mimi utafikiri nimewahi kurusha hata moja. Na stori zimezidi tangu Januari 2024, ile ndege ya Alaska Airlines huko Marekani, Boeing 737 MAX 9, iliyong'oka kipande cha ubavu ikiwa futi 16,000 hivi, dakika chache tu baada ya kuruka Portland. Watu 177 ndani na hakuna aliyekufa. Video zikazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na kila mtu akawa mtaalamu. Wanachosemaga kijiweni ni kwamba tundu likitokea tu mnavutwa nje wote mmoja baada ya mwingine mpaka ndege inabaki tupu, kama kwenye filamu. Sasa hapo ndo nikaona niandike, maana watu wanaogopa kitu ambacho siyo, na kile cha kuogopa kweli wanakisinzilia.

Nasema wanakisinzilia kwa sababu nimekiona kwa macho. Kwenye ndege za hapa nyumbani, shirika silitaji, mhudumu anasimama katikati anaonyesha mkanda, anaonyesha maski, spika inasoma mbio mbio utadhani konda wa Igoma anakimbilia abiria wa jioni, watu wako bize na simu na wengine washalala. Siwalaumu sana hao abiria. Tunaambiwa "vaa maski yako kwanza kabla ya kumsaidia mwenzako", basi imeisha. Kwa nini? Hakuna anayesema. Mama mwenye mtoto mapajani akisikia hivyo anaona huo ni uchoyo wa kizungu, nani ajivalishe yeye huku mwanae anahangaika? Atamvalisha mtoto kwanza, kila mzazi wa huku kwetu angefanya hivyo, na hapo ndo wanaweza kupotea wote wawili.

Sababu yenyewe ni hii. Ndege kubwa ya jeti inatembea futi 35,000 hivi, hiyo ni zaidi ya mita 10,600. Mlima Everest wenyewe ni mita 8,849, Kilimanjaro yetu 5,895, na wanaopanda Kilimanjaro wanachukua siku tano sita ili mwili uzoee na bado wengine wanashushwa kwa machela, na pale kileleni presha ya hewa ni kama nusu tu ya ile ya Dar. Huko juu kwenye futi 35,000 imebaki chini ya robo. Oksijeni ipo asilimia ile ile 21 ila presha ya kuisukuma iingie kwenye damu ndo haipo. Kwa hiyo ndani ya ndege wanatengeneza hewa ya kwao, wanaiweka sawa na mtu aliyesimama kwenye mlima wa futi 8,000 au chini ya hapo, kama mita 2,400. Sisi wa Mwanza tuko karibu mita 1,140 tukiwa tumekaa tu nyumbani, kwa hiyo tayari tumeshapanda nusu ya njia bila nauli.

Na ndege siyo mtungi uliozibwa kama watu wanavyofikiriaga. Kwenye ndege nyingi hewa inachotwa kwenye injini, inapoozwa, inaingizwa ndani muda wote, halafu kuna vali nyuma inaitoa kidogo kidogo, vali ikifunga presha inapanda ikifungua inashuka. Yaani ni mfumo unaovuja kwa makusudi, ndo maana kauvujaji kadogo pembeni ya mlango hakaangushi ndege, vali inafidia tu. Ishu ni pale kinachotoka kinapozidi kinachoingia.

Hilo likitokea kwenye futi 35,000 una sekunde 30 mpaka 60 za kuwa na akili timamu ya kufanya kitu, na hiyo ni hesabu ya hewa kupungua polepole, ikitoka kwa mpigo muda unakatika karibu nusu. Sasa chukua yule mama. Mtoto analia, anakataa maski, kamba imenasa, sekunde ishirini zimeisha, vidole vya mama vimelegea na hajui kama vimelegea. Lakini akivaa yake kwanza, sekunde tano tu, ana akili na nguvu za kumvalisha mtoto hata kama mtoto ameshazimia kidogo, na mtoto akipata oksijeni mapema anazinduka. Sentensi mbili tu hizo! Zingesemwa kwa Kiswahili cha kueleweka mama angeshika.

Kinachonitisha mimi kuliko tundu ni kwamba kukosa oksijeni hakuumi. Ukikabwa koo unapigana kwa sababu hewa chafu imejaa mwilini, lakini huko juu unapumua ndani nje kama kawaida, kwa hiyo mwili haupigi kelele. Mtu anajiona yuko poa kabisa, wengine wanacheka cheka, kucha zinageuka bluu, ukimpa hesabu ya kujumlisha anaandika vitu vya ajabu na anakuapia amepata zote.

Ndo yaliyoikuta Helios ya Saiprasi tarehe 14 Agosti 2005. Boeing 737, watu 121, inatoka Larnaca kwenda Athens. Mafundi walikuwa wameipima presha ikiwa chini, wakaacha swichi ya presha kwenye kuendeshwa kwa mkono badala ya kuirudisha kwenye otomatiki, marubani nao wakapita juu ya ile swichi kwenye ukaguzi wao wasiione. Ndege ikapanda bila kujaza hewa. King'ora kikalia, ila mlio wake ulikuwa ule ule unaotumika kuonya kwamba ndege haijawekwa sawa kwa kuruka, na wao walisharuka, wakawa wanahangaika na tatizo lisilokuwepo huku akili zinaisha. Nyuma kule maski zikadondoka kwa abiria. Mbele marubani wakazimia. Ndege ikaendelea yenyewe na otomatiki mpaka Athens ikawa inazunguka tu angani, F-16 mbili za Ugiriki zikaenda kuchungulia zikamwona rubani msaidizi amelalia usukani, kiti cha kapteni kitupu, halafu mhudumu mmoja akaonekana ameingia chumba cha marubani anajaribu kufanya kitu, lakini mafuta yalikuwa yanaisha. Walikufa wote 121. Hapakuwa na tundu hata la sindano, Mhariri. Hakuna aliyevutwa nje.

Kwa hiyo ile ya ghafla, yenye kishindo, kwa upande fulani ni afadhali maana angalau unajua kimekukuta. Utasikia mlipuko, masikio yanaziba na kuuma, karatasi na vumbi vinaruka, na ndani kunajaa ukungu mweupe ghafla. Huo ukungu siyo moshi. Fungua soda ya baridi uangalie shingoni mwa chupa, kale kamvuke kanakotoka kwa nukta moja ndo hako hako, presha imeshuka ghafla, hewa imepoa, unyevu umeonekana. Watu wakijua hilo hawatapiga kelele "moto moto" na kuanza kukanyagana kwenye korido.

Hewa iliyoko kifuani nayo inatanuka, kwa hiyo usibane pumzi, iache itoke. Kwenye ndege nyingi maski hizo zinashuka zenyewe presha ya ndani ikifikia ile ya futi 14,000 hivi. Ikishuka ivute kwa nguvu mpaka usoni, maana pale juu kuna kijitanki cha kemikali na ule mvuto ndo unakiwasha, usipovuta umevaa plastiki tu. Kikiwaka kinapata moto sana, unaweza kunusa harufu ya kuungua, usishtuke. Kamfuko kanakoning'inia kanaweza kasijae na oksijeni inakuja vile vile, wapo watu duniani walioivua maski kwa kudhani ni mbovu kwa ajili ya hako kamfuko. Na oksijeni yenyewe kwenye vijitanki hivyo ni ya dakika 12 mpaka 15 hivi. Ukisikia hivyo bila maelezo unapata wazimu, dakika 12 halafu? Halafu mko chini tayari! Rubani anavaa ya kwake, anaiinamisha ndege anashuka kwa kasi mpaka futi 10,000 ambapo mtu anapumua hewa ya kawaida, ni dakika chache tu. Kwa abiria ambaye hajaambiwa, ule mteremko ni ndege inaanguka, ataanza kuaga watu kwenye simu, kumbe ule ndo uokoaji wenyewe. Kitu pekee ni milima, ukiwa karibu na Kilimanjaro yenye futi 19,341 huwezi kujishukia tu futi 10,000, marubani wanakuwa na njia ya kukwepa waliyoipanga kabla hawajaruka.

Turudi kwenye kuvutwa nje. Inatokea, sikatai, ila ni kwa aliye karibu kabisa na tundu, na ni kwa sekunde hizo chache za mwanzo mpaka presha ya ndani na nje ilingane, baada ya hapo ni upepo na baridi tu. Aprili 1988 Aloha Airlines huko Hawaii ilichanika paa lote la mbele ikiwa futi 24,000, abiria wamekaa wanaona mawingu, urefu wa paa lililoondoka ni kama mita 5 na nusu. Ilitua. Aliyepotea ni mhudumu mmoja aliyekuwa amesimama kwenye korido, abiria wote walikuwa wamefunga mikanda. Sasa niambie kuna tangazo gani la mkanda linalozidi hilo? Badala yake tunaambiwa "fungeni mikanda muda wote mkiwa mmekaa kwa usalama wenu", usalama gani, hasemi.

Na wale wanaouliza kama kichaa mmoja anaweza kufungua mlango huko juu, hesabu ya kifundi ni rahisi. Presha ya ndani inaizidi ya nje kwa kiasi cha tani 5 na ushee kwa kila mita mraba, na milango mingi imetengenezwa hivyo kwamba lazima uivute kwanza kuelekea ndani ndo ifunguke. Avute hizo tani tumwone. Chini chini ni habari nyingine, Mei 2023 abiria mmoja Korea Kusini alifungua mlango wa Airbus ikiwa inakaribia kutua, presha ilikuwa imeshalingana, watu wakapigwa na upepo mpaka ndege ikagusa ardhi, wakapona wote. Na zile ndege ndogo za watalii zinazokwenda Seronera huko Serengeti, nyingi hazijazwi presha kabisa, usiziingize kwenye mjadala huu.

Kinachoniuma kama fundi ni bolti. Ile ya Alaska, wachunguzi walikuta bolti nne za kushikilia kile kipande hazikuwepo, zilitolewa kiwandani wakati wa marekebisho hazikurudishwa. Juni 1990 ndege ya British Airways ilitokwa na kioo cha mbele, kapteni akavutwa akabaki nusu mwili nje juu ya paa, wahudumu wamemshika miguu mpaka rubani msaidizi akatua, na kapteni akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa siku moja kabla, bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, tofauti isiyofika hata milimita moja. Fundi alilinganisha kwa macho na zile za zamani. Na Japan Airlines ya Agosti 1985, walikufa watu 520, ukuta wa nyuma wa kuzuia presha ulikuwa umetengenezwa vibaya miaka saba kabla baada ya mkia kukwaruza lami, mahali pa mistari miwili ya ribiti, ile misumari ya kuunganisha bati, ukafanya kazi mmoja. Miaka saba ule mstari mmoja ulibeba. Mafundi wenzangu wa mitaani mnaochomelea mitungi iliyopasuka mnasema "itashika tu", someni hapo mara mbili.

Kabla ya hizo zote kulikuwa na Comet, jeti ya kwanza ya abiria duniani, na hii inatuhusu sisi wa ziwani maana safari yake ya kwanza kabisa ya abiria, tarehe 2 Mei 1952 kutoka London kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe hapo ng'ambo ya ziwa letu. Miaka miwili baadaye Comet mbili zikapasuka angani, Januari na Aprili 1954, zote juu ya bahari huko Italia. Waingereza wakachukua bodi ya nyingine wakaizamisha kwenye tanki kubwa la maji wakawa wanaijaza maji na kuipunguza, kujaza kupunguza, kama inaruka na kutua, mpaka ikachanika. Nyufa zilianzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa, mfano madirisha. Kwa nini maji na siyo hewa? Kwa sababu maji hayabanwi, chombo kikipasuka kinachanika tu, lakini hewa iliyobanwa ikiachiwa inalipuka. Ndo maana hata mtungi wa kompresa unapimwa kwa maji, na ukimwona fundi anaupima kwa kuujaza upepo halafu ameukalia, ondoka hapo.

Sasa MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, wenye umri wangu hatuhitaji kukumbushwa, meli ilipinduka ikiwa imekaribia kufika hapa Mwanza. Haikuzama papo hapo. Ilielea chini juu, tumbo hewani, na ndani yake kulikuwa na watu hai wanaogonga bati. Kinachosimuliwa Mwanza mpaka leo, na waliokuwepo wanakisimulia wakilia, ni kwamba lile tumbo lilitobolewa ili watu watolewe, hewa ikatoka, na meli ikaenda chini. Simnyooshei mtu kidole, walikuwa wanataka kuokoa na mi ningekuwa pale na mashine yangu sijui ningefanya nini. Lakini presha ni ile ile. Hewa iliyonaswa ndani ya chombo kilichopinduka ndo inayokibeba, imebanwa na maji kutoka chini, ukitoboa juu inafyatuka nje na maji yanapanda kuchukua nafasi yake kwa kasi ile ile. Wanaotakiwa ni wazamiaji wa kuingia kwa chini. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa meli akiwa hai, alikuwa amejibana kwenye kachumba kenye hewa. Hewa ile ile, ila safari hii hakuna aliyeitoboa.

Kwa hao wazamiaji nao, na vijana wa vizimba vya samaki wanaoshuka kuangalia nyavu kama wanatumia mitungi: hewa unayoivuta chini imebanwa, ukipanda umebana pumzi hata kutoka mita 10 tu inatanuka zaidi ya mara mbili kifuani na mapafu yanachanika. Na majedwali ya kuzamia yaliyotengenezwa kwa ajili ya baharini hayatumiki hivi hivi hapa, tuko juu sana ya bahari. Ukizamia Zanzibar asubuhi usipande ndege jioni, subiri kesho yake, ile naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu itatoka mapovu. Mwaka 1983 kwenye mtambo wa mafuta wa Byford Dolphin huko Bahari ya Kaskazini upande wa Norway chumba cha wazamiaji kilishuka kutoka presha ya angahewa 9 mpaka 1 kwa nukta, wakafa watano. Wanaanga watatu wa Kisovieti wa chombo cha Soyuz 11 mwaka 1971 waliuawa na vali moja iliyofunguka kabla ya wakati wakirudi duniani, hawakuwa na suti za presha maana chombo kilikuwa kidogo kwa watu watatu waliovaa suti. Baada ya hapo wakawa wanapanda wawili, wamevaa.

Ombi langu kwa mashirika ya ndege na mamlaka ni dogo. Lile tangazo liongezwe sababu, kwa Kiswahili cha kueleweka, na lisomwe taratibu. Vaa yako kwanza kwa sababu una nusu dakika tu. Ndege itashuka kwa kasi, ni rubani anaishusha. Ukungu siyo moshi. Haimalizi hata dakika mbili, na muda huo upo, mbona tunakaa kwenye foleni ya kuruka tukiangalia bawa.

Na wale wanaopanda mapangaboi kwenda Dar au Bukoba wasihangaike kutazama juu wakitafuta maski. Ndege nyingi za aina hiyo haziendi zaidi ya futi 25,000 na hazina maski za kudondoka juu ya kila kiti, huko mtu ana dakika tatu mpaka tano na rubani anawahi kushusha, wahudumu wana mitungi ya mkononi kwa atakayezidiwa. Hilo nalo tangazo halisemi, na juzi nimeulizwa na watu wawili tofauti kama ndege yetu imeibiwa vifaa.

Fundi kompresa,
Nyakato, Mwanza